Kumuuguza Aliye Katika Sakarati: Somo juu ya Wauguzi wa Kasulu na Kibondo

Yapasa kujua ya kwamba mlango wa jinaza katika vitabu vya fikihi hauanzi kwa josho wala kwa sanda. Huanza kwa mtu angali hai, aliyefikwa na sakarati. Vijana wa pwani huusoma mwanzo huo chuoni upesi upesi, kwa kuwa hudhani mambo yake watayakuta nyumbani: mgonjwa yu juu ya kitanda chake, jamaa wamemzunguka, na mzee mmoja mwenye kujua amekaa upande wa kichwa. Lakini mauti ya zama hizi mara nyingi hayaji hivyo. Huja hospitali, saa nane ya usiku, katika chumba ambacho jamaa huingia mmoja mmoja au hawaingii kabisa. Na aliyekaa upande wa kichwa ni muuguzi, mara nyingi mwanamke, mara nyingi si wa dini moja na mgonjwa, naye ana wengine wa kuwatazama.

Somo hili lahusu huyo muuguzi, yale ayaonayo na yale ayatendayo, na haki aliyo nayo juu ya wanaume Waislamu. Mfano umechukuliwa katika wilaya za Kasulu na Kibondo, nyanda za juu za Kigoma, kwa sababu huko jambo hili limeonekana wazi kuliko mahali pengi.

Watu wa pwani waijua Ujiji. Ndiyo mwisho wa njia ya misafara iliyoanza Bagamoyo, na Uislamu wake ni wa tangu zama hizo. Lakini wachache huijua nchi iliyo juu yake. Mtu akitoka Kigoma mjini akapanda kwenda kaskazini-mashariki, baada ya kilomita kama 90 hufika Kasulu, na akiendelea hufika Kibondo, zaidi ya kilomita 200 kutoka ziwani. Hiyo ndiyo nchi ya Waha, nchi ya vilima na baridi, wenyeji wake ni wakulima wa mahindi, maharage, muhogo na ndizi. Waislamu wapo, na misikiti ipo, lakini si wengi kama Ujiji. Ziko hospitali zilizoanzishwa na wamisionari, Kabanga ya Wakatoliki na Heri ya Wasabato, na ziko hospitali za Serikali. Mgonjwa akishindikana hupelekwa Maweni, hospitali ya mkoa iliyo Kigoma mjini. Akishindikana na huko hupelekwa Bugando, Mwanza, au Muhimbili, Dar es Salaam. Safari hizo ni ndefu, na wengine hukata roho kabla ya gari kuja.

Tena nchi hii ina jambo lililoifanya ijulikane duniani, nalo ni wakimbizi. Tangu Oktoba 1993, alipouawa Rais Melchior Ndadaye wa Burundi, maelfu kwa maelfu walivuka mpaka. Kasulu kulikuwa na kambi za Mtabila na Muyovosi; Kibondo kulikuwa na Kanembwa, Mkugwa, Nduta na nyinginezo. Mwaka 1996 ikafunguliwa Nyarugusu, wilaya ya Kasulu, kwa ajili ya watu wa Kongo waliokimbia vita vya Kivu. Mtabila ilifungwa mwishoni mwa 2012, watu wakadhani ya kwamba jambo limekwisha. Walakini mwaka 2015 fitina ya Burundi ikazuka upya, na Oktoba ya mwaka huo Nduta ikafunguliwa tena.

Mwezi wa Mei 2015, kabla ya kufikishwa makambini, watu hao walikuwa wamejazana Kagunga, kijiji kidogo cha ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, mbele maji, nyuma milima. Kipindupindu kikaingia. Meli kongwe ya Liemba, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ikawa yaenda na kurudi kuwachukua hata Kigoma. Maelfu waliugua, na kama watu thelathini walifariki. Msomaji asiidharau hesabu hiyo, wala asiione kubwa kuliko ilivyo: maradhi haya yakimshika mtu vikali naye asitibiwe, hufa nusu ya waliopatwa. Walionusurika walinusurika kwa maji yenye chumvi na sukari, kwa dripu, na kwa wauguzi waliokesha wakihesabu matone.

Kuanzia mwaka huo, jamii ya Madaktari Wasio na Mipaka iliendesha hospitali katika kambi ya Nduta, na Nyarugusu kazi hiyo ilishikwa na Msalaba Mwekundu wa Tanzania. Wengi wa waliotumika wodini hawakuwa wageni kutoka Ulaya. Walikuwa Watanzania, na pamoja nao wakimbizi wenyewe, Warundi na Wakongo, miongoni mwao waliokuwa wameusomea uuguzi kwao kabla ya vita, nao wakilipwa posho ndogo tu. Basi ilitokea kwamba mtu aliyeipoteza nyumba yake alikuwa akimfumba macho mtoto wa mwenzake aliyeipoteza nyumba yake. Maradhi makubwa yalikuwa malaria kali, watoto wakipungukiwa damu hata midomo ikawa myeupe, na kifo cha namna hiyo huja kwa saa, si kwa siku.

Sasa na ielezwe maana ya neno mahututi, kwani wengi hulitumia ovyo. Mgonjwa mahututi ni yule ambaye kimoja katika viungo vya uhai, yaani pumzi, mzunguko wa damu au fahamu, kimeshindwa au ki karibu kushindwa, hata asiposaidiwa upesi hufa. Katika miji mikubwa watu wa namna hii huwekwa katika chumba chao maalumu, chenye mashine ya kupumulia na vyombo vya kupima moyo. Uingereza, mgonjwa aliye juu ya mashine ya kupumulia huwekewa muuguzi wake mmoja, asiyeshughulika na mwingine. Katika Tanzania vyumba hivyo vilikuwa vichache sana, hata baada ya maradhi ya korona kufika mwaka 2020. Kisha Serikali ikakopa katika Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 2021 jumla ya shilingi trilioni 1.3, na sehemu ya fedha hizo ikajenga vyumba vya mahututi na vya dharura katika hospitali za mikoa na wilaya. Jambo hilo ni jema. Lakini nyumba hujengwa kwa mwaka mmoja, na muuguzi ajuaye kuiongoza mashine ya kupumulia hajengwi kwa mwaka mmoja.

Uchunguzi mkubwa uliotangazwa mwaka 2025 ulitazama wagonjwa karibu 20,000 waliolazwa katika hospitali 180 za nchi 22 za Afrika. Ulikuta ya kwamba katika kila wagonjwa wanane, mmoja ni mahututi. Na katika mahututi hao, karibu saba katika kila kumi hawakuwa katika chumba maalumu, bali katika wodi za kawaida, kitanda kwa kitanda na wengine. Mmoja katika watano alifariki kabla ya kutimia siku saba. Na katika wale walioshindwa kupumua, chini ya nusu ndio waliokuwa wakipewa oksijeni. Kwa hiyo mtu akitaka kujua khabari za mauti ya mahututi katika Afrika, asiitazame mashine kwanza. Amtazame muuguzi wa wodi ya kawaida, mwenye zamu ya usiku, na wagonjwa thelathini, na mtungi mmoja.

Huyo hukabiliwa na mambo ambayo hayamo katika kitabu alichosomea. Oksijeni ni moja na wanaoihitaji ni wawili; daktari amelala nyumbani, naye huja akiitwa, lakini kuja kuna muda wake. Au ipo mashine ivutayo oksijeni kutoka katika hewa, nayo haifanyi kazi pasipo umeme. Na mkoa wa Kigoma kwa miaka mingi ulitegemea majenereta ya dizeli. Au mama amemleta mtoto amechelewa, kwa kuwa baba hakuwapo kutoa ruhusa ya safari. (Jambo hili la ruhusa lingefaa kuandikiwa kijitabu chake peke yake, maana wanawake na watoto wengi wamekufa wakilingoja.) Muuguzi hufanya awezalo, kisha hufika saa ambayo hakuna tena la kufanya kwa dawa. Hapo ndipo kazi ya pili huanza, nayo haina mshahara wake wala jina lake katika daftari.

Wauguzi wa vyumba vya mahututi wameulizwa na watafiti katika nchi nyingi, za matajiri na za maskini, ni lipi liwaumizalo zaidi. Mtu angedhani watasema kifo. Mara nyingi si kifo. Husema ni kuendelea kumchoma sindano na kumwingiza mipira mtu ambaye kila mmoja ajua ya kwamba hatapona, kwa sababu hakuna aliyethubutu kuwaambia jamaa ukweli. Na pia ni mgonjwa kufa peke yake nyuma ya pazia, ilhali muuguzi alikuwa kitanda cha pili. Wengine husema hurudi nyumbani wakiisikia bado sauti ya chombo masikioni. Wengine hulia chooni, wakanawa uso, wakarudi. Huko wodini aliaye hudhaniwa dhaifu. Dhana hiyo haina asili katika dini: Mtume (s.a.w.) alipofiwa na mwanawe Ibrahimu alitokwa na machozi mbele ya watu, na alipoulizwa akaeleza ya kwamba hiyo ni huruma.

Wala uuguzi wa mwenye kufa si jambo geni lililoletwa na wamisionari, kama wadhaniavyo baadhi ya watu. Katika mwaka wa 5 wa Hijra, vita vya Khandaki, Saad bin Muadhi alipigwa mshale katika mshipa wa mkono. Mtume akaamuru apigiwe hema ndani ya msikiti wa Madina ili awe karibu naye kumzuru, na wapokezi wametaja ya kwamba mwanamke wa Kiansari aitwaye Rufaida ndiye aliyekuwa akiwatibu majeruhi. Jeraha la Saad halikupona, lilifumuka, akafariki. Wanaosoma sira hukitaja kisa hiki kwa ajili ya hukumu ya Saad juu ya Bani Kuraidha, wakalipita hema. Lakini hema limo: mgonjwa asiyetarajiwa kupona, mwanamke amuuguzaye, na mkubwa wa umma ajaye kumtazama kila siku. Hakutengwa na watu.

Na sasa msomaji aliyesoma Minhaji ya Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, na apime jambo hili. Hapo imamu afundisha ya kwamba mwenye sakarati hulazwa ubavu wa kuume kuelekea kibla; ikiwa ni vigumu, hulazwa chali, uso wake na nyayo zake zikielekea kibla. Akiisha kufa hufumbwa macho, taya hufungwa kwa kitambaa kipana, viungo hulainishwa kabla ya kukakamaa, hufunikwa nguo nyepesi, huwekewa kitu kizito juu ya tumbo lisivimbe. Muuguzi wa Kabanga au wa Kibondo, ambaye huenda hajapata kulisikia jina la Nawawi, amefundishwa shuleni kufumba macho, kufunga taya, kunyosha viungo, kuondoa mipira, kusafisha na kufunika. Kazi ni moja. Palipo tofauti ni kibla na kalima tu, na hayo mawili hayamzuilii muuguzi chochote akiambiwa.

Lakini ni nani wa kumwambia? Hapo pana uzembe wa wanaume. Mtu hukaa Kasulu miaka kumi, ana duka, ana marafiki, wala hajapata kwenda hospitali kumwonyesha mkubwa wa wauguzi kibla kiko upande gani. Tena mgeni wa pwani huweza kukosea yeye mwenyewe. Mtu wa Mombasa au wa Dar es Salaam amezoea kibla cha kaskazini barabara, kwa kuwa Makka iko karibu juu ya mstari ule ule. Kasulu iko magharibi zaidi, na kibla chake ni kaskazini kilichoinamia mashariki. Alama ndogo ya rangi ukutani, kwa idhini ya mganga mkuu, ingetosha, wala haigharimu kitu.

Ama kumlakinia mgonjwa Shahada, amefundisha Mtume (s.a.w.) kulifanya, na wanazuoni wakaeleza adabu zake: hutamkwa mbele yake kwa upole, asishurutishwe, asiambiwe "sema", wala asirudiliwe mara kwa mara akachoka; akiisha kuitamka huachwa, ila akisema neno jingine baadaye. Mtu aweza kuuliza: Mgonjwa amepoteza fahamu, ana mpira kooni, hajibu hata akifinywa, kumlakinia kuna faida gani? Jawabu: Mwaka 2020 watafiti wa Vancouver, Kanada, walitangaza uchunguzi wao, ambao ndani yake waliipima mishipa ya fahamu ya ubongo wa watu waliokuwa katika saa zao za mwisho, wasiojibu tena. Wakakuta ya kwamba ubongo wa baadhi yao ulikuwa ukiitikia sauti kama ubongo wa mtu mzima wa afya. Haikuthibiti ya kwamba waliyaelewa maneno. Lakini wauguzi walikuwa wakisema tangu zamani kwamba masikio ndiyo ya mwisho, na kwa ajili hiyo muuguzi mwema hamsemi mgonjwa juu ya kitanda chake, wala hazungumzi khabari za jeneza mbele yake. Na ikiwa jamaa hayupo, muuguzi asiye Mwislamu akimwita Mwislamu yeyote aliye wodini, hata mfagiaji au mgonjwa wa kitanda cha jirani, amefanya wema mkubwa. Wako wanaofanya hivyo bila kuombwa.

Sasa jambo la maumivu, nalo lahitaji kukawia. Dawa kuu ya maumivu makali ni mofini. Uganda, mwaka 1993, Daktari Anne Merriman alianzisha nyumba ya kuwahudumia wasiotarajiwa kupona, akaeneza mofini ya kunywa, unga uliotiwa katika maji na kupewa rangi kwa kadiri ya nguvu yake, ili muuguzi na jamaa wasikosee. Mwaka 2004 nchi hiyo ikabadilisha sheria, ikawaruhusu wauguzi waliofunzwa khasa kuiandika dawa hiyo wenyewe, kwa sababu vijijini daktari hapatikani. Katika Tanzania, Hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, ndiyo iliyokuwa ikiitengeneza dawa hii kwa miaka mingi. Huko juu Kigoma dawa hufungwa kwa kufuli na kuandikwa tone kwa tone katika daftari, na hofu ya daftari mara nyingine humfanya mtu aone ni afadhali mgonjwa apige kelele kuliko hesabu isilingane.

Kwa Waislamu ipo hofu nyingine. Baadhi ya watu huikataa mofini kwa mgonjwa wao wakisema italevya, atakufa bila kutamka Shahada. Wengine husema itamuua mbele ya siku yake. Suali la kwanza lina jawabu katika fikihi: dawa yenye kuondoa fahamu inaruhusiwa kwa haja, kama vile ilivyoruhusiwa kumlaza mtu ili akatwe kiungo kilichooza, na wanazuoni wa zamani waliitaja mas'ala hiyo. Tena mgonjwa mwenyewe, akiwa na akili yake, ana haki kuomba apunguziwe ili apate kusali na kusema na watoto wake, na muuguzi ajuaye kazi yake huweza kulipatanisha hilo. Suali la pili ni la waganga, nao wanasema ya kwamba mofini itolewayo kwa kipimo, ikiongezwa kidogo kidogo kwa kadiri ya maumivu, hutuliza pasipo kuua. Mtu anayepiga kelele kwa maumivu naye hawezi kuitamka Shahada. Wanaume waliosimama mlangoni wakikataa dawa hawakukaa usiku kucha wakizisikia kelele hizo. Aliyezisikia ni muuguzi.

Kisha iko mas'ala ya mashine, ambayo Kasulu na Kibondo ilikuwa haijulikani ila kwa waliopelekwa Bugando au Muhimbili, lakini sasa yawafikia. Mtu hupumuliwa na mashine, moyo wapiga, waganga wanasema ubongo umekufa. Je, kuizima ni kuua? Baraza la Fikihi la jumuiya ya nchi za Kiislamu lilikutana Amman Oktoba 1986, likaamua ya kwamba ubongo ukisimama kazi zake zote pasipo kurejea, na waganga mahodari wakashuhudia hivyo na kwamba umeanza kuharibika, mtu huyo amehesabiwa kuwa amekufa, na mashine yaweza kuondolewa hata kama moyo bado wasukumwa nayo. Baraza la Makka, mwaka 1987, likaruhusu mashine iondolewe kwa ushahidi wa waganga watatu, lakini halikukubali mtu kuhukumiwa maiti mpaka moyo na pumzi visimame baada ya kuondolewa. Tofauti hiyo si ya maneno. Eda ya mke huhesabiwa tangu saa gani? Na ikiwa baba na mwana wameumia katika gari moja, nani amemrithi mwenziwe? Kwa mtu wa pwani kauli ya Makka ina usalama zaidi katika mirathi, na katika kuondoa mashine kauli zote mbili zaruhusu.

Ama mgonjwa ambaye ubongo wake haujafa lakini waganga wamekata tamaa, na jamaa wauza shamba ili aendelee kuwekwa juu ya mashine siku kumi zaidi, hapana sharia iliyowalazimisha. Madhehebu ya Shafii huyaona matibabu kuwa ni sunna, si faradhi, na matibabu yasiyotarajiwa kufaa yana udhaifu zaidi. Jambo moja tu liangaliwe: asiachiwe muuguzi kuamua. Hutokea jamaa wakanyamaza wote, kila mmoja akiogopa kusema yeye ndiye aliyemkatia tamaa mzee, hata mzigo ukamwangukia mwanamke mmoja aliyevaa sare nyeupe. Hilo ni jambo la aibu. Yapasa wakae, mkubwa wao aseme, daktari atie sahihi, naye muuguzi atimize.

Maradhi ya kuambukiza yana hukumu zake. Machi 2023 maradhi ya Marburg yalitokea Kagera, na Januari 2025 yakatangazwa Biharamulo, kaskazini ya nyanda hizi za Kibondo. Huko Biharamulo watu kumi walihesabiwa, na wote kumi walifariki. Maiti wa maradhi hayo huua kuliko alivyokuwa hai, na wanaomgusa kwanza ni wauguzi na waoshaji. Ikiwa josho lina hatari ya kuua, fikihi imekwisha kufungua mlango: maiti asiyeweza kuoshwa, kama aliyeungua moto akawa atanyofoka, hutayamamishwa, na ikishindikana hata hilo, huzikwa kwa namna iwezekanavyo. Kugombana na wauguzi kwenye mlango wa chumba cha maiti ili kuwanyang'anya mwili si kuihami dini.

Yako mambo ambayo ni lazima yafanywe kabla mpira haujaingia kooni, maana ukiisha kuingia ulimi umefungwa. Wauguzi hushuhudia jambo hili mara nyingi: mgonjwa huashiria kwa mkono, hutaka kalamu, huandika nusu ya jina, kalamu huanguka. Alikuwa ana deni, au amana ya mtu, au mtoto asiyejulikana na nduguze. Muuguzi hubaki na nusu ya jina hilo. Deni la maiti hulipwa kabla ya wasia, na wasia hauzidi theluthi, nao huthibiti kwa mashahidi. Basi mwenye kusafiri kwenda bara, au mwenye maradhi ya moyo na sukari, aandike akiwa mzima, naye daktari akisema "tutamtia mashine", jamaa wa karibu aombe dakika tano za kusema naye. Wauguzi huzitoa wakiombwa kwa adabu. Tena wakipewa jina la mtu mmoja tu wa kupigiwa simu, badala ya watu kumi na wawili wanaouliza suali moja, kazi yao huwa nyepesi na khabari huwa ya kweli.

Likabaki suali la mwili. Aliyekufa Kasulu naye kwao ni Tanga au Lamu, je, arudishwe? Desturi ya siku hizi ni kuchanga fedha, kununua jeneza la safari, na kukodi gari kwa njia ya zaidi ya kilomita 1,000, maiti akichelewa siku mbili na tatu. Nawawi ameeleza ya kwamba kumhamisha maiti kabla ya kuzikwa kwenda mji mwingine ni haramu, na imesemwa ni makuruhu, ila akiwa karibu na Makka, Madina au Baitil Makdis. Basi azikwe Kasulu. Waislamu wa huko wana makaburi yao, na wana watu wa kuosha. Muuguzi huwakabidhi mwili ukiwa umefungwa kwa jina lake, pamoja na pete, saa, simu na fedha zilizokutwa mfukoni, vimehesabiwa na kuandikwa. Nao watie sahihi watu wawili, wamshukuru, wauchukue mwili kabla ya jua kuwa kali.